Mkono Aliouinua Charlie Watts

Usiku wa Jumanne, tarehe 24 Agosti 2021, tulikuwa barazani Malindi ya Unguja, kahawa imeshamiminwa na bao limepamba moto. Simu yangu ikalia. Rafiki yangu aliyeko Mombasa kaniandikia maneno matatu: Charlie Watts kafariki. Nikaiweka simu chini, mwenzangu akaniona uso. "Vipi yakhe, kuna msiba?" Nikamwambia upo, amekufa mpiga dramu wa Rolling Stones. Akafikiri kidogo. "Ndiye yule wa kwetu, wa Shangani?"

Sikumlaumu. Hapa Unguja ukitaja muziki wa roki jina linalokuja ni moja, Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, Farrokh Bulsara wa nyumbani, aliyezaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 na ambaye tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani. Nami nampenda Freddie. Lakini muziki ule uliniingia kwa mlango mwengine, mlango wa ngoma, na aliyenifungulia ni Mwingereza mkimya aliyekulia Wembley, mtu ambaye katika picha nyingi za bendi yake huonekana kama amepita njia tu akaombwa asimame. Miaka imepita tangu usiku ule na bado nadhani wengi wanaomsifu wanamsifu kwa jambo silo. Wanasema alikuwa mtulivu, mtanashati, muungwana. Yote kweli. Ila watulivu na waungwana wako wengi, na bendi iliyodumu kama ile ni moja. Ukiuliza ilidumu kwa nini, jibu liko kwenye mikono yake, na naamini sikio lililolelewa na taarab lina nafasi nzuri ya kulisikia.

Nilifundishwa rika, ile tari ndogo ya taarab, kabla sijaigusa dramu. Maalim wangu alikuwa fundi wa rika na wa dumbaki, ngoma ya taarab inayopigwa kwa mikono, tangu ujana wake, na mwaka mzima wa kwanza hakuniruhusu kitu isipokuwa pigo zito na pigo jepesi, dum na tak, dum na tak, mpaka kiganja kikaota sugu. Nilipoanza kuona nimekwiva nikawa natia madoido kila penye upenyo. Siku moja akanishika mkono katikati ya wimbo. "Usijaze, mwanangu. Ukijaza kila upenyo, mwimbaji atapumulia wapi?" Niliona ananibania. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka nisikike.

Mwaka huohuo mjomba wangu, baharia wa meli za mizigo, alirudi safari na kaseti ya Rolling Stones iliyotoka 1978, *Some Girls*. Kiingereza changu kilikuwa cha skuli na mwimbaji, Mick Jagger, anakula nusu ya maneno, kwa hiyo sikushughulika na mashairi. Nilisikiliza ngoma. Nikamsikia mtu anayefuata kanuni ya maalim wangu neno kwa neno, na hawa wawili hawajawahi kuonana.

Nieleze kwa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo penye hoja. Kwenye seti ya dramu mkono wa kulia hupiga matoazi mawili yaliyopandana, ambayo mguu wa kushoto huyafunga na kuyafungua. Mkono wa kushoto hupiga sneya, ile dramu ndogo yenye nyuzi za chuma upande wa chini zinazoipa sauti ya kuchanika. Mguu wa kulia ndio unaopiga dramu kubwa iliyolazwa chini. Katika roki ya kawaida, mapigo manne, sneya huanguka kwenye la pili na la nne. Karibu kila mpigaji huuacha mkono wa kulia uendelee bila kukatika, tisi-tisi-tisi-tisi, kwa hiyo sneya inapolia, toazi nalo linalia juu yake. Watts hakufanya hivyo. Zamu ya sneya ilipofika, mkono wa kulia uliinuka, toazi likanyamaza, sneya ikalia peke yake uwanjani, kisha mkono ukarudi. Tazama picha za video za maonyesho yake: mkono unapanda na kushuka kama wa mtu anayepepea moto wa mishikaki.

Yawezekana msomaji akauliza, basi ndiyo hayo tu? Ndiyo, na ni makubwa. Kwanza, sneya inasikika safi, haina kitu kilichoikalia. Pili, mkono wa kulia unakosa ule usawa wa cherehani. Kila mzunguko una kishimo chake kidogo, na mwili wa msikilizaji unaingia katika kile kishimo kabla yeye mwenyewe hajajua. Ndiyo maana nyimbo za Rolling Stones zinayumba. Bendi nyingi za roki zinapiga kama askari wa gwaride. Hawa wanakwenda kama chombo.

Na kuyumba kule kuna sababu nyingine, ambayo Bill Wyman, mpiga besi wao mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwahi kuieleza vizuri. Katika bendi nyingi besi na dramu hufungana, kisha gitaa likapanda juu yao. Kwa Rolling Stones kiongozi wa mwendo alikuwa gitaa la Keith Richards. Keith anaanza, Watts anamfuata Keith, na Wyman mwenyewe anatangulia kidogo. Baina ya watu watatu hao unabaki mwanya mdogo sana, nywele moja, na mwanya huo haufungiki wimbo mzima. Mwenye kupanda ngalawa wakati wa kusi ananielewa: inalalia huku, inalalia kule, mgeni anashika ubavu kwa mikono miwili, na nahodha amekaa anakunywa chai. Sikiliza *Start Me Up* ya 1981. Gitaa linaanza na sikio lako linaamua pigo la kwanza liko hapa. Dramu inaingia, unagundua ulikosea, pigo la kwanza liko kwengine kabisa. Kila mara nikiusikia nakosea tena, na nimeusikia mara nyingi mno.

Mpigaji anayekubali kufuata gitaa anatoka wapi? Si roki iliyomlea. Watts alizaliwa London tarehe 2 Juni 1941, baba yake dereva wa malori ya shirika la reli. Akiwa mtoto alinunua banjo, ikamshinda. Akaling'oa shingo, akalifanya tumbo la banjo ngoma, akalipiga kwa brashi, kwa sababu alikuwa amemsikia mpiga dramu wa jazi Chico Hamilton akipiga brashi kwenye santuri ya Gerry Mulligan, mpiga saksafoni. Wazee wake wakamnunulia seti ya dramu katikati ya miaka ya 1950, na alichofanya nayo ni kupiga sambamba na santuri za jazi chumbani. Alisomea uchoraji Harrow, akaajiriwa na kampuni ya matangazo ya biashara, akachora kitabu kidogo cha kumuenzi Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi. Mwaka 1962 alikuwa akipiga na mwanamuziki wa bluzi Alexis Korner, na Januari 1963 akaingia Rolling Stones, bendi changa iliyochukua jina lake kwenye wimbo wa mwanabluzi Muddy Waters na iliyokuwa imeshikwa na mapenzi ya muziki wa Wamarekani Weusi. Alidhani haitachukua muda. Alikaa miaka 58.

Jazi haikumtoka. Mkono wake wa kushoto ulishika kijiti kwa mtindo wa wazee wa jazi, kiganja kikitazama juu, kijiti kikilala baina ya gumba na shahada. Seti yake ya miaka mingi, Gretsch ya 1957, ilikuwa na dramu nne tu, wakati wenzake wa viwanja vikubwa walijizungushia dramu mpaka sura haionekani. Na alipopata nafasi aliunda vikundi vyake vya jazi, mara orkesta nzima, mara watu watano, mara kumi. Mwaka 2000 yeye na mpiga dramu mwenzake Jim Keltner walitoa santuri ambayo vipande vyake vimepewa majina ya wapiga dramu: Max Roach, Art Blakey, Elvin Jones, Tony Williams na wengine. Mtu ambaye dunia nzima inamjua anatoa santuri na kuandika majina ya waalimu wake. Jambo hili nitalirudia.

Wapo wanaosema Watts alikuwa mpigaji wa kawaida aliyebahatika kukaa nyuma ya watu mashuhuri. Nimebishana nao, na huwa nakubali nusu ya shauri lao. Mguu wa John Bonham wa Led Zeppelin hakuwa nao. Alichokifanya Neil Peart wa Rush kwa mikono miwili, Watts hakujaribu. Hakupenda kupiga peke yake huku wengine wamesimama kumtazama. Kuna ngoma zetu ambazo zinataka mpigaji wa namna ya kina Bonham: kwenye kidumbaki, ngoma moja inashikilia na nyingine inasema, na inayosema ndiyo inayowapandisha watu mori. Lakini nyamazisha inayoshikilia uone inayosema itasema nini. Nami siwezi kumtia mtu huyu kwenye ile methali ya ngoma ivumayo haidumu, kwa kuwa ingekuwa dhulma kwa marehemu wengine. Bonham alikufa na miaka 32, Keith Moon wa The Who alikufa na miaka 32, na kilichowaua hakikuwa wingi wa ngoma zao. Watts mwenyewe katikati ya miaka ya 1980 alizama kwenye pombe na dawa za kulevya, mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, akajinasua.

Kipimo changu ni chengine: wimbo unapohitaji mpigaji asikike kidogo, au asisikike kabisa, anafanya nini? Katika *Honky Tonk Women* ya 1969 unaanza kwa kengele ya ng'ombe, na anayeigonga ni mtayarishaji wao, Jimmy Miller. Watts anasubiri, kisha anaingia kana kwamba amejikwaa mlangoni, na kutoka hapo wimbo unakwenda ukiongeza kasi mpaka mwisho. Upime, utaona unamalizika mbio kuliko ulivyoanza. Sisi hatulioni hilo kuwa kosa. Ngoma ikishachanganya, inachanganya. Katika *Sympathy for the Devil* ya 1968 kilichoubeba wimbo ni tumba za Rocky Dzidzornu, fundi kutoka Ghana, na Watts anakaa pembeni ya mikono ya Mghana yule, hagombanii nafasi naye. Kisha *You Can't Always Get What You Want*. Mapigo yake yalimtatiza studio, Miller akaketi mwenyewe kwenye dramu kuonyesha alichokitaka, na ndiye anayesikika kwenye rekodi mpaka leo. Mpiga dramu wa bendi kubwa kama ile anainuka kwenye kiti chake na kumpisha mwengine, wimbo upate haki yake. Kisha akaupiga jukwaani miaka yote iliyofuata.

Nina mashaka kama studio zetu za leo zingemvumilia mtu kama huyu. Nimekaa na vijana mafundi mjini hapa, wenye masikio mazuri kweli, na nimewaona wakichukua rika iliyopigwa na binadamu, wakaikatakata kwenye kompyuta na kuisogeza kila pigo likae sawa kwenye mstari. Wanaita kusafisha. Rusha roho ilipokuja na kinanda chenye ngoma ndani yake, katika miaka ya 1990, wapigaji wengi walikosa kiti, na sikio la wasikilizaji likazoea mwendo usiopumua. Sisemi kinanda ni adui. Nasema tumekichukua kitu ambacho Watts alikilinda maisha yake yote, ile nywele moja baina ya gitaa na ngoma, tukakiita uchafu.

Na hapa nirudi kwenye majina. Mick Jagger alikuwa na desturi ya kuwatambulisha wenzake jukwaani, na kwa Watts uwanja ulikuwa unalipuka, yeye akiinuka kidogo kwa aibu na kukaa tena. Watu elfu hamsini walijua jina la mtu aliyeketi nyuma. Kwetu tuna Ikhwani Safaa tangu 1905, tuna Culture Musical Club tangu 1958, zaidi ya karne nzima ya rika na dumbaki zinazobeba mashairi. Mwulize mtu yeyote barazani atakutajia waimbaji kumi na watunzi watano, atakutajia Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Mwombe akutajie wapiga rika watatu. Bi Kidude aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 alikuwa fundi wa ngoma za unyago, alizifunga kiunoni akazipiga kwa nguvu hata uzeeni, na bado tunamkumbuka kama mwimbaji, ngoma zake zikatajwa kama nyongeza. Angekuwa mpigaji tu, bila ya sauti ile, sijui kama picha yake ingetundikwa popote. Kwa hiyo ninalo ombi moja kwa vikundi vyetu na kwa vijana wanaotia nyimbo za zamani kwenye intaneti: chini ya jina la mwimbaji na mtunzi, andikeni aliyepiga rika, aliyepiga dumbaki. Wazee wanaoweza kuyataja majina hayo bado wapo, baadhi yao wako Mji Mkongwe na Ng'ambo, hatua chache kutoka kwenu.

Nje ya ngoma, mtu huyu alikuwa na mambo yanayonivuta. Alimuoa Shirley Shepherd mwaka 1964 na akafa akiwa mumewe, katika kazi ambayo ndoa huvunjika kila safari. Nyumbani kwao Devon mkewe alifuga farasi wa Kiarabu. Alikusanya magari ya zamani na hakujua kuendesha. Lakini linalonikaa kichwani ni michoro. Tangu mwaka 1967 au karibu yake, kila kitanda alicholalia safarini alikichora. Kila hoteli, kila mji, kitanda. Nimewaza sana juu ya hilo. Miji yote ile, kelele zote zile, na anachokiona kinafaa kuchorwa ni pahala patupu pa kulala. Jicho lile na mkono ule wa kulia unaoinuka nadhani ni vya mtu mmoja. Aliwahi pia kuihesabu miaka yake 25 ya mwanzo na bendi akasema mitano ilikuwa ya kazi na ishirini ya kukaa kusubiri. Mpiga rika yeyote aliyekaa kwenye shughuli za arusi tangu alasiri, akisubiri bibi harusi atoke saa nne usiku, anaijua hesabu hiyo.

Onyesho lake la mwisho na Rolling Stones lilikuwa Miami Gardens, Florida, tarehe 30 Agosti 2019. Aprili iliyofuata, dunia imefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, bendi ilitokea kwenye televisheni kila mmoja kwake. Watts alivaa visikilizio masikioni, mbele yake masanduku ya vyombo, kando yake mkono wa kochi, akavipiga kwa vijiti huku anatabasamu. Wimbo ulikuwa *You Can't Always Get What You Want*, uleule aliompisha Miller. Wengi walicheka kwa furaha. Mimi niliutazama mkono. Hata juu ya kochi uliinuka.

Bendi imeendelea, na kiti kimepewa Steve Jordan, rafiki wa miaka mingi wa Keith, mpigaji hodari. Ziara ya Marekani ilipoanza St. Louis tarehe 26 Septemba 2021, jukwaa lilifunguliwa tupu, hakuna mtu, mapigo ya dramu peke yake yakisikika na picha za Watts zikipita kwenye kioo kikubwa. Santuri yao *Hackney Diamonds* ilitoka tarehe 20 Oktoba 2023. Ndani yake nyimbo mbili zina dramu za Watts alizoziacha, *Mess It Up* na *Live by the Sword*, na kwenye hii ya pili Wyman amerudi na besi lake. Nimeisikiliza santuri hiyo yote mara nyingi, nikitafuta kosa la Jordan, na sikuliona. Anapiga kwa uzito, kila pigo liko pahala pake, bendi inatembea wima. Halafu inakuja *Live by the Sword* na chombo kinaanza tena kulala huku na kule. Anayesema ni bendi ileile asikilize nyimbo hizo mbili, kisha zilizobaki, kwa siku moja. Wimbo mzuri unaweza kupigwa na fundi yeyote mzuri. Mwanya ule baina ya Keith na Charlie ulikuwa wa watu wawili, na mmoja hayupo.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama maalim wangu. Ana miaka themanini na kitu sasa, karibu na umri aliokufa nao Watts, na rika yake imetundikwa ukutani, ngozi imelegea. Nikamwambia, "Maalim, leo nimekuletea mtu." Nikaiweka simu kwenye mkeka, nikamwekea *Beast of Burden* kutoka kaseti ileile ya mjomba. Hakuuliza wanaimba nini wala ni kina nani. Aliinamisha kichwa, kidole kikigonga goti taratibu. Ubeti wa kwanza ukapita. Katika ubeti wa pili nikaona kidole kimeinuka kwenye pigo la sneya, kikangoja hewani, kikashuka. Kikainuka tena.

"Unasikia?" akasema. "Anamwachia."

Nikaurudisha wimbo mwanzo.